Wikendi ya Bruxelles nayo ni masomo, tusiwagombeze watoto

Wiki iliyopita kulizuka mzozo katika grupu ya WhatsApp ya familia yetu. Mpwa wangu, msichana wa miaka 16 wa hapa Bukavu, yuko Ubelgiji kwa mwaka mmoja wa mabadilishano ya wanafunzi. Anaishi na familia moja ya Namur na anasoma huko huko. Jumamosi alipanda treni pamoja na wenzake watatu, Mbrazili, Mjapani na Mmarekani, wote wageni kama yeye, wakaenda kumaliza wikendi Bruxelles. Picha zilipofika, mama yake aliandika: « Tulikutuma kusoma, hatukukutuma kutembea. » Wajomba wengine wawili wakamuunga mkono. Mimi nilinyamaza siku ile, na sasa ninaona nilikosea.

Ninaelewa hofu ya dada yangu. Mtoto wa kike, mji mkubwa, usiku unaingia, na sisi tuko mbali. Lakini familia iliyompokea ilijua anakolala, na simu yake haikuzimwa. Hofu ikiisha, kinachobaki ni lile wazo letu la zamani kwamba masomo yanakaa ndani ya darasa tu.

Tazameni basi alichokisoma kwa siku mbili. Picha za kwanza zilikuwa za Grand-Place, na za Manneken-Pis, yule mtoto wa shaba anayekojoa, ambaye kila mgeni anashangaa kumkuta mdogo hivyo. Hapo sina la kusema, ni picha za kila mtalii. Kisha wakaenda Atomium, zile duara tisa za chuma zilizojengwa kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mwaka 1958. Wakiwa pale, Mmarekani alifungua simu na kuwasomea wenzake kwamba katika maonyesho hayo hayo Wabelgiji waliweka « kijiji cha Wakongo », watu wazima na watoto nyuma ya uzio, na watazamaji wakawadhihaki hadi Wakongo wale wakachoka na kuondoka. Ilikuwa imebaki miaka miwili tu tupate uhuru. Kisha akamuuliza mpwa wangu: wewe ulikuwa unajua?

Hakuwa anajua. Aliniambia kwa simu kwamba kilichomuumiza zaidi ni kusomewa habari za kwao na mtu wa Marekani.

Jumapili asubuhi akashika yeye uongozi. Aliwapeleka Matonge, mtaa wa Ixelles uliochukua jina lake kutoka mtaa wa Kinshasa. Pale kila mtu alimsalimia kwa Lingala, naye Lingala yake ni ya kubahatisha. Mbrazili akashangaa: si hawa ni watu wa kwenu? Ikabidi aeleze kwamba kwetu ni Kiswahili, kwamba kutoka Bukavu hadi Kinshasa ni mbali kuliko kutoka Bruxelles hadi miji mingi ya Ulaya, na kwamba hiyo pondu wanayoila sisi tunaiita sombe. (Alisema ilikuwa nzuri, ila si kama ya bibi.) Karibu na hapo, Porte de Namur, aliwaonyesha kibao cha Square Patrice Lumumba, kilichozinduliwa tarehe 30 Juni 2018. Ni mahali padogo, ukiwa na haraka unapapita bila kupaona.

Mchana wakapanda trami namba 44, ile inayopita msituni, hadi makumbusho ya Afrika ya Tervuren. Ndani kuna ukumbi wenye ukuta wa zamani ulioandikwa majina ya Wabelgiji 1508 waliokufa Kongo wakati wa Léopold II. Msanii wetu Freddy Tsimba aliandika kwenye vioo vya madirisha majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji, ili jua likiwaka, kivuli cha majina hayo kiangukie juu ya yale ya Wabelgiji. Jumapili ile hapakuwa na jua. Ukuta ulibaki na majina ya Wabelgiji peke yao.

Basi wakatoka, wakatembea hadi kanisa la Tervuren. Kando ya kanisa kuna makaburi saba. Mwaka 1897 Léopold II aliwaleta Wakongo 267 ili waonyeshwe kwa watu, na saba kati yao wakafa kwa baridi na magonjwa: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Mpwa wangu aliyasoma majina hayo kwa sauti, na wenzake walisimama kimya. Aliturekodia. Ile video ndiyo dada yangu aliifuata na maneno yake ya « kutembea ».

Mimi nilimaliza sekondari na mtihani wa serikali nikiwa nimekariri Stanley, Mkutano wa Berlin na tarehe 30 Juni 1960. Majina ya wale saba niliyasikia mara ya kwanza kwenye video ya mtoto huyu. Ninawauliza walimu wa historia wa hapa kwetu, kwa heshima: nyinyi mliyajua? Kama mliyajua, kwa nini hamkutuambia? Tunawatafutia watoto viza kwa taabu, tunauza mashamba ili wasafiri, halafu tunawapeleka kwa watu mikono mitupu, hawana cha kujibu wakiulizwa kuhusu nchi yao. Kuomba alama nzuri peke yake hakutawasaidia mbele ya lile swali la Mmarekani.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazazi wenye watoto nje ni dogo. Wakituma picha za wikendi, waulizeni waliona nini na walieleza nini, kabla ya kuuliza walitumia euro ngapi.

Mbrazili sasa anataka kuja huku. Ameuliza, akifika Bukavu kwa wikendi moja, atapelekwa wapi. Mpwa wangu alilirusha swali hilo kwenye grupu ya familia tangu Jumatano. Mpaka sasa amejibu bibi peke yake: alete viatu vya kupanda milima.