Daftari la Matanga Lafika Limechelewa

Mwezi uliopita tulimzika bibi mmoja wa jumuiya yetu, hapa Goma. Matanga yalidumu siku tatu. Turubali lilitandwa juu ya mawe ya volkano, viti vikakodiwa, sufuria hazikutoka motoni. Daftari la mchango likapita nyumba kwa nyumba, na siku ya maziko zilikuwamo dola 600 na zaidi. Mimi nami niliandika jina langu, tena kwa herufi kubwa.

Haya ilinipata baadaye, binti wa marehemu aliponiuliza: “Katekista, watu hawa walikuwa wapi miaka minne yote?”

Miaka minne bibi yule aliugua ugonjwa wa kusahau, ambao waganga huuita demensia. Alianza kwa kupoteza funguo. Kisha akaunguza maharagwe kila siku, akamwita binti yake kwa jina la dada aliyekwisha kufa, akaamka usiku kutafuta shamba lake la Masisi. Januari 2025, vita vilipoingia mjini na risasi zikilia, yeye alitaka kwenda kuchota maji. Binti akajifunga naye kiuno kwa kiuno kwa kitenge, wakalala hivyo chini ya kitanda. Binti huyo alikuwa akiuza sambaza Kituku. Biashara ikafa, mtaji ukaliwa.

Sisi jirani tulitoa nini? Tulitoa maneno. Mwanamke mzee atembeaye usiku akisema peke yake, basi ni mchawi! Walikuja waombaji wa usiku, wakadai fedha za kumfukuza pepo. Na fedha hizo, ajabu, zilipatikana.

Pepo gani? Mganga Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza ugonjwa wa namna hii mbele ya waganga wenzake mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wa demensia milioni 57 mwaka 2021, na zaidi ya 60 katika kila 100 wako katika nchi zisizo tajiri. Ubongo waharibika, kama figo au moyo uharibikavyo. Dawa ya kuuponya haijapatikana. Lakini sabuni yapatikana, vitambaa vyapatikana, na jirani wa kukaa na mgonjwa nusu siku yupo.

Wengine watasema: ana watoto wake. Kweli, anao, ndiyo maana watu wawili wanazama badala ya mmoja. Wengine wangojea mashirika ya wageni, kana kwamba mgeni ndiye atakayejua kwamba bibi hunyamaza akiimbiwa nyimbo za mavuno. Wengine watalia kwamba fedha hakuna tangu benki zilipofunga milango Januari 2025. Benki zilifunga, daftari la matanga halikufungwa hata siku moja.

Likelemba twaijua tangu zamani. Nyumba 30, kila moja ikitoa franka 1,000 kwa juma, ni franka 30,000. Zatosha sabuni, na kumshukuru mama mmoja akae na mgonjwa ili binti aende sokoni. Fedha apewe mlezi mkononi, bila hotuba na bila picha. Na daftari asishike katekista, twajuana.

Yoshua bin Sira, sura ya 3, atuagiza tumvumilie baba hata akili zikimpungua. Hakusema tungoje azikwe.

Jumapili ijayo, baada ya Misa, litakuwapo daftari jipya mlangoni. Jina la kwanza ni la mzee mmoja ambaye kila saa huuliza kama mkewe amerudi kutoka sokoni. Mke alikufa mwaka 2018. Mwanawe husukuma chukudu, na kila asubuhi akitoka humfungia baba ndani kwa kufuli.