Kinamasi nacho ni mtaji, kiandikwe daftarini

Mfanyabiashara anayetoka Kisinga kwenda Mpondwe hupiga hesabu nyingi kabla ya kuvuka: bei ya siku upande wa Kongo, nauli ya lori, ushuru, na shilingi inabadilishwaje kwa faranga. Kitu kimoja wengi hawakitii kwenye hesabu hiyo, nacho ni kinamasi.

Mto Nyamugasani hushuka kutoka Rwenzori, hupita pande za Kisinga na Kinyamaseke, kisha huingia Ziwa Edward. Mubuku na Nyamwamba huelekea Ziwa George, na maziwa hayo mawili yameunganishwa na Mfereji wa Kazinga. Uganda ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 1988, Ziwa George na vinamasi vyake, hekta 15,000, ndilo eneo lake la kwanza kuorodheshwa.

Kinacholindwa pale si mandhari tu. Mafunjo hupunguza kasi ya mafuriko na mizizi yake hukamata tope kabla halijafika ziwani. Humo huishi nzohe, mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame matopeni. Korongo nyangumi, mwenye mdomo mpana kama kiatu, husimama kimya akivizia kamongo. Samaki wachanga nao hupata maficho humo mpaka wakue. Ngege anayekaushwa na kupelekwa sokoni anategemea maficho hayo.

Upande wa pili wa Ziwa Edward kuna funzo. Katika miaka ya 1970 Hifadhi ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 20,000. Kufikia mwaka 2005, baada ya vita na ujangili, walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku na kurudi majini mchana, na kinyesi chake hurutubisha maji yanayolisha samaki. Anayewinda kiboko anapunguza pia samaki wa jirani yake, awe Mkongomani au Mganda.

Wapo wanaosema uhifadhi ni shughuli ya watalii na askari wa mbuga, na kwamba mkulima wa ukingoni anahitaji shamba. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa Kasese imebanwa kati ya mlima na hifadhi. Lakini Mei 2020, Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha zilifurika kwa pamoja, na watu walipoteza nyumba na mashamba. Ukingo uliolimwa hadi majini hauna cha kuzuia maji. Barabara ikikatika, nyanya za mfanyabiashara huoza ndani ya lori.

Sheria ipo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 237, inaikabidhi serikali mito, maziwa na vinamasi ivitunze kwa niaba ya wananchi wote. Ila askari hawezi kusimama kila ukingo. Mnunuzi yuko kila soko, na hapo ndipo nguvu ya wafanyabiashara ilipo. Samaki mchanga asiponunuliwa, hatavuliwa. Msusi wa mikeka anayekata mafunjo na kuacha mizizi ichipue upya apewe bei nzuri kuliko anayefyeka na kuchoma moto.

Vyama vya wafanyabiashara wa Mpondwe na Kasindi vina jambo la kudai. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Ziwa ni moja na soko linakuwa moja, basi kipimo cha samaki anayeruhusiwa kuuzwa nacho kiwe kimoja, kikaguliwe pande zote mbili za mpaka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kinamasi kimekaa nje ya daftari muda mrefu mno.