Majiko mapya ya kuni yapimwe moshi pia



Ubora wa jiko banifu la kuni una pande mbili: kuni linazookoa na moshi linaoutoa. Moshi ni kuni ambayo haikuungua ikaisha. Hewa ikiwa haba kwenye moto, chembechembe laini na gesi ya kaboni monoksidi huongezeka. Fundi anaweza kubana mdomo wa jiko, kuni zikadumu, mpishi naye akazidi kukohoa. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa ISO 19867-1 cha mwaka 2018 hupima ufanisi, chembechembe na kaboni monoksidi kila kimoja peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, lilitaka jiko lisilo na bomba la moshi lisizidi miligramu 0.23 za chembechembe laini kwa dakika. Lenye bomba, 0.80.

Hapa Isansa, wilayani Mbozi, mnunuzi haoni hata moja ya tarakimu hizo. Jiko alilonunua mwandishi wa barua hii wiki hii lilikuwa na karatasi inayosifu kuokoa kuni, basi. Likawashwa ndani kwa matawi ya mikahawa yaliyopogolewa. Maharage hayajachemka, jikoni watu hawaonani. Mama mwenye nyumba akatoka machozi yakimtiririka, watoto wakahamia kwa jirani, na maharage yakaivia kwenye mafiga yaleyale ya zamani. Muuzaji alidai kuni ni mbichi. Kuni zenyewe zilikuwa darini tangu kiangazi! Ofisi ya umma iliyoulizwa ilielekeza kwenye ofisi nyingine, na hiyo ya pili ikamrudisha mlalamikaji kwa muuzaji, ambaye yake alishayasema.

Kuweka viwango na kuthibitisha bidhaa ni kazi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Kinachodaiwa si kikubwa: jiko jipya la kuni lisiuzwe mpaka lipimwe moshi, na kipimo hicho kiandikwe ubavuni mwake kwa Kiswahili.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Lengo ni jema, ila kabla ya hapo wengi wa vijijini Mbozi bado wako na kuni. Wanasiasa, wa chama chochote kile, wanapenda kugawa mitungi ya gesi kamera zikiwapo. Gesi ikiisha, kujaza ni nauli juu ya bei, na mgawaji hapokei tena simu. Hata majiko banifu sasa huuzwa kwa ruzuku ya serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA). Ruzuku hiyo ni kodi ya wananchi. Isilipie jiko ambalo moshi wake haujapimwa.

Msomaji,
Isansa, Songwe