Sola Ianzie Kisimani, Si Sebuleni

Husemwa kwamba maji ni uhai. Nami naongeza kuwa maji ni kazi, tena kazi ya mgongo. Hapa Kakamega maboma mengi yana kisima kilichochimbwa kwa mkono, na maji hutekwa kwa ndoo na kamba. Ni nani huvuta hiyo kamba? Mara nyingi ni akina mama na wasichana. Maji ya mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Nyumba inayotumia mitungi 10 kwa siku huinua kilo 200 kutoka shimoni. Halafu tunamshangaa msichana anayesinzia katika somo la kwanza, jameni!

Maoni yangu ni haya: mzazi anayetaka kununua sola kwa ajili ya runinga aanze na kisima.

Kuna watakaosema, "Hapa ni kwa mvua, si Turkana. Sola itafanya nini?" Ni kweli mvua yetu ni nyingi, lakini hupenda kunyesha alasiri. Pampu ifanye kazi asubuhi, maji yapande kwenye tenki lililoinuliwa, na jioni yateremke yenyewe hadi jikoni. Tenki ndilo betri, basi hakuna haja ya kununua betri. Isitoshe, kati ya Desemba na Februari, mapipa ya maji ya mvua yakiwa matupu, ndipo jua huwaka kweli kweli.

Hebu tupige hesabu ya Fizikia. Kuinua lita 1,000 kwa mita 20 huhitaji jouli 200,000 hivi. Tuseme pampu inapoteza thuluthi mbili za nguvu njiani. Basi tutahitaji jouli 600,000. Paneli ya wati 200 ikipata jua kamili huzitoa kwa dakika 50. Mawingu yakiikata nguvu hiyo nusu, ni saa moja na dakika 40. Maji hayo yanatosha mitungi 50!

Wengine watalalamika ati ni ghali. Naam, bei si ya kuchezea. Lakini pampu ya petroli hudai mafuta kila mara, na stima hudai tokeni, tena hupotea bila hodi. Jua halileti bili. Akina mama katika vyama vyao vya mzunguko hununuliana vyombo na mabati. Kwa nini wasinunuliane pampu? Hata majirani wawili wanaweza kuchangia kisima kimoja.

Hata hivyo, tahadhari kabla ya hatari. Pampu inayokaa juu ya kisima haivuti vizuri maji yakiwa chini zaidi ya mita 7 hivi. Kisima kirefu hutaka pampu ya kuzamishwa majini. Iwe na swichi ya kuizima kisima kikikauka, la sivyo itaungua. Kisima kifunikwe kwa zege, choo kiwe mbali, na maji ya kunywa yachemshwe vilevile. Sola huinua maji, haiyasafishi.

Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Serikali itimize wajibu wake, lakini mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Wazazi wetu, runinga inaweza kungoja mwaka mmoja. Masomo ya binti yenu hayawezi.