Kimeo hakiponi kwa rangi

Wale masela wa Kunduchi walioniona nikirudishwa pwani na ngalawa, nimelowa kama kuku wa mvua, najua wameshaanza kunitangaza mjini. Basi leo najianika mwenyewe kabla hawajamaliza kunianika.

Iko hivi. Sisi washikaji watatu tulichanga mshiko tukanunua jetiski ya kusimama, Kawasaki JS550. Siyo hizi za kukaa kama sofa na kumpakia mtoto wa watu nyuma. Hii unasimama mwenyewe, umeshika usukani ulio kwenye mkono mrefu unaopanda na kushuka. Kawasaki walianza kuuza za aina hii mwaka 1973, wazo likiwa la Mmarekani Clayton Jacobson aliyekuwa mtu wa mashindano ya pikipiki. JS550 ikaja mwaka 1982. Kwa hiyo hiyo yetu ni shangazi kabisa, inatakiwa kuamkiwa.

Ilipofika tukagawanyika. Mmoja wetu, bishoo wa kundi, akataka tupige rangi nyekundu, tuweke usukani wa kung'aa na kabureta kubwa ili iende mbio. Mimi nikaunga mkono. Kuuza sura nani hataki? Kabla hatujanunua chochote nikaingia nayo majini kuijaribu.

Nikatoka hadi watu wa pwani wakaonekana kama sisimizi. Mara injini ikapiga mlio mwembamba, ikagoma. Nikabonyeza stata, wapi! Upepo wa kusi ukaanza kunisukuma kuelekea Ununio. Nimevaa jaketi la kuelea, ndiyo, lakini kasia sina, maji ya kunywa sina, na kule nje hakuna wa kumpigia kelele. Nilikaa zaidi ya saa moja nikitubu dhambi nilizofanya na ambazo sijafanya. Wavuvi wakanikuta. Mungu awabariki.

Kesho yake tukaikokota kwa mzee mmoja, fundi wa mashine za boti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnaiosha vipi hii mkitoka baharini?"

Tukamwambia: tunachomeka hozi, tunafungua maji, halafu tunawasha, kama tulivyoona kwa watu wa boti. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Wasomaji, shikeni hapa. Mashine ya nyuma ya boti ukiiwekea hozi, unafungua maji kwanza ndiyo unawasha. Jetiski ni kinyume chake. Unawasha kwanza, kisha unafungua maji papo hapo, usiiache kavu ikazidi sekunde 15. Ukimaliza, funga maji kwanza, igutue kidogo iteme yaliyobaki, ndipo uzime. Ukifungua maji injini imelala, yanajaa kwenye ekzosi na kurudi mpaka ndani ya silinda. Tulikuwa tunainywesha sumu kwa mikono yetu wenyewe.

Ila kilichonizimikia baharini kilikuwa kingine: kipande cha mpira wa petroli. Kilikuwa kimekakamaa kwa uzee, kikapasuka, kikawa kinavuta hewa. Injini hii ni kama ya Vespa ya zamani, oili inachanganywa ndani ya petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Joto likapanda, pistoni ikabana. Na tungeongeza kabureta kubwa juu ya ugonjwa ule, ingekufa mapema zaidi.

Tukapiga kura upya. Wawili kwa mmoja, rangi ikashindwa.

Mzee akaanza na injini. Pistoni na ringi mpya, silinda ikachongwa. Mipira yote ya petroli ikabadilishwa, hata iliyoonekana mizima. Kabureta ikafunguliwa, ikawekwa viwambo na sindano mpya. Sili za krenki zikabadilishwa, maana nazo zikichoka zinavuta hewa. Mwisho akapima kompresheni kwa geji: silinda zote mbili ziwe karibu sawa, moja ikiachwa mbali na mwenzake ujue kuna mgonjwa. Nyaya za betri zikakwanguliwa kutu na kupakwa grisi. Mchanganyiko wetu sasa ni nusu lita ya oili kwa lita 20 za petroli, tunapima kwa chupa, hatukadirii kwa macho.

Sasa utulivu wake majini. Nilidhani inapepesuka kwa sababu mimi ni mshamba. Kumbe ndani ya bodi kuna sponji la kuisaidia kuelea, na la kwetu lilikuwa limelewa maji miaka nenda rudi. Tukakata, tukatoa lililooza, tukajaza jipya lisilonyonya maji. Usiliache tupu, siku bodi ikipasuka itazama moja kwa moja. Panga la pampu lilikuwa limeng'atwa na mawe, na ringi inayolizunguka imelika. Uwazi pale ukizidi nusu milimita, injini inapiga kelele bure, chombo hakiendi. Tukabadilisha. Tukaweka na wavu mpya chini ya pampu, ule wenye ulimi wa kukusanya maji, ili ishike hata kwenye mawimbi. Kebo ya usukani ikapata grisi, na pa kusimama tukagundisha mpira usioteleza.

Cha mwisho ni kamba ya mkononi. Hizi za zamani zilitengenezwa ili ukianguka, zizunguke taratibu zikusubiri. Lakini kama mafuta yameng'ang'ania, haikusubiri mtu. Tukafunga swichi yenye kamba: ukianguka inachomoka, injini inazima.

Jumapili iliyopita zamu ilikuwa ya bishoo wetu. Akakata kona kwa mikogo karibu na watoto waliokuwa wanaoga, akapigwa mwereka wa haja. Kamba ikachomoka. Jetiski ikazima, ikasimama palepale, watoto wakamcheka. Alitoka majini kimya, akakaa mchangani muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaniuliza kamba ile iligharimu kiasi gani. Nilipomtajia, akatikisa kichwa tu.

Rangi? Bado imechubuka vilevile, na wala hatuna haraka nayo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.