Jezi ya Zaire haipandi jukwaani kabla hatujaongea

Tuanze na jezi yenyewe, maana fujo yote ilianzia hapo.

Wiki tatu kabla ya tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tulikuwa kwenye mazoezi ya ngoma katika ule ukumbi mdogo tunaouazima hapa Kigali. Mwenzetu mmoja akaingia amevaa jezi mpya kabisa: kijani, duara la njano kifuani, na ndani ya duara mkono umeshika mwenge unaowaka. Drapo ya Zaire. Alikuwa ameichapishia mjini kwa pesa yake, na alitaka kikundi kizima cha ngoma kivae hivyo siku ya sherehe. Nusu ya ukumbi wakapiga makofi: "Aah, umetoka safi!" Nusu nyingine wakanyamaza. Na mama mmoja wa Masisi, yule anayetuletea maandazi kila Jumamosi, akaweka beseni lake chini, akatoka nje, na siku ile hakurudi.

Kuanzia jioni ile ikawa vita ya WhatsApp, siku nne mfululizo. Maneno mengine hatuwezi kuyarudia hapa. Leo tunaandika msimamo wetu, kwa vijana wenzetu na kwa nyinyi ndugu wa mashirika mnaotusoma. Tunajua wengine watakasirika. Sawa tu, lakini someni mpaka mwisho.

Kwanza tuwe wakweli kwa mwenye jezi. Huyu kijana si mtu mbaya. Amezaliwa kambini, Kiziba, na Kongo hajawahi kuikanyaga. Ukimuuliza yeye ni wa wapi, anakwambia "mimi Mkongomani", halafu hana cha kukuonyesha ila hadithi za wakubwa na nyimbo za rumba. Kwake yeye Zaire ni ule mwaka 1974, timu ya Leopards ikibeba Kombe la Afrika kule Misri, kisha ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Ni Muhammad Ali na George Foreman Kinshasa, mwaka uleule. Ni nchi kubwa ambayo dunia nzima iliijua jina. Mtoto wa kambi akitafuta kitu cha kujivunia, utamlaumu kwa kuokota hicho? Sisi hatumlaumu.

Lakini sasa msikilizeni na mama wa maandazi.

Mama yule alikuwa binti mdogo Masisi wakati sheria ya uraia ya 29 Juni 1981 ilipotoka. Kabla yake kulikuwa na sheria ya 1972, iliyowapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikaufuta. Ikasema: ukitaka kuitwa Mzaire, onyesha kwamba wazee wako walikuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Jamani, 1885! Nani pale kijijini alikuwa na karatasi ya mwaka huo? Basi watu waliolala raia wakaamka wageni, kwenye mashamba yaleyale, chini ya bendera ileile ya kijani. Mwaka 1993 mauaji yakaanza Walikale, yakaingia Masisi. Mama akapoteza kaka wawili. Mwaka 1996 akavuka mpaka, akawa mkimbizi. Bendera iliyokuwa ikipepea kwenye ofisi ya serikali siku zile zote, hiyohiyo. Alituambia baadaye, taratibu, bila kugombeza mtu: "Wanangu, mwenge ule kwenu ni pambo. Mimi uliniunguza."

Na kuna jambo lingine ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui. Ule mkono na mwenge haukutoka kwenye timu ya mpira. Ulitoka kwenye MPR, chama cha Mobutu, chama pekee kilichoruhusiwa, ambacho kila Mzaire alihesabiwa mwanachama wake tangu kuzaliwa, apende asipende. Bendera ya chama ndiyo ilizaa bendera ya nchi mwaka 1971. Kwa hiyo anayesema "hii ni ya watu, si ya siasa", pole, hajaisoma.

Sasa tujibu hoja moja moja, kama zilivyoandikwa kwenye kundi.

"Ni fasheni tu." Kama ni fasheni tu, mbona ulikasirika ulipoombwa uvae jezi nyingine? Hakuna anayegombana siku nne kwa ajili ya rangi ya kijani. Ulikasirika kwa sababu ile bendera inasema kitu, na wewe unataka kiseme. Basi kubali kwamba na mwingine anaisikia ikisema, na anachosikia si kile unachosikia wewe.

"Sikuwa nimezaliwa." Ni kweli, mtoto hana deni la Mobutu. Hakuna aliyekushitaki. Tunachokuomba ni kidogo: ukijua leo kwamba kitu kinamchoma jirani, kutokuwepo kwako jana hakukusaidii tena. Kabla ya Jumamosi ile ulikuwa hujui. Sasa unajua.

"Ni historia yetu, hatuwezi kuifuta." Hii ndiyo hoja yenye nguvu, na ndiyo maana tunaijibu kwa kirefu.

Tuna dada yetu aliyehamishiwa Marekani miaka michache iliyopita. Tulimtumia picha ya jezi, akatujibu kwa sauti, dakika tisa nzima. Mtaani kwake kuna mzee wa Kizungu aliyewasaidia sana walipofika: aliwaletea kochi, na gari yao ilipokufa asubuhi ya baridi aliiwasha kwa waya za gari lake. Mbele ya nyumba yake mzee huyo ametundika bendera nyekundu yenye msalaba wa bluu wa mshazari na nyota nyeupe kumi na tatu. Dada akadhani ni ya timu. Kazini akamuuliza mwanamke mmoja Mmarekani Mweusi, na mwanamke akanyamaza kidogo, kisha akamwambia: "Nikiiona ile, mimi hubadilisha njia."

Ile ni bendera ya vita ya majimbo ya kusini yaliyojitenga na kupigana kuanzia 1861 hadi 1865 ili utumwa usiguswe. Mzee jirani anasema anawaenzi babu zake waliokufa vitani. Huenda anasema kweli kutoka moyoni. Lakini ile bendera haikubaki na babu zake. Miaka ya 1960, Weusi walipokuwa wakidai haki zao, jimbo la South Carolina liliipandisha juu ya jengo la bunge lake. Mwezi Juni 2015 kijana mmoja Mzungu akaingia kanisani Charleston, akaua Weusi tisa waliokuwa kwenye somo la Biblia. Alikuwa amejipiga picha na bendera hiyo. Na kwenye picha nyingine, Waafrika sikilizeni, alivaa koti lenye bendera ya Rhodesia na ile ya Afrika Kusini ya ubaguzi. Kijana wa Marekani ambaye hakuishi chini ya bendera zile mbili alijua kabisa zinasema nini. Siku kumi baada ya mauaji, mwanamke Mweusi, Bree Newsome, alipanda mlingoti pale bungeni akaishusha kwa mikono yake, akakamatwa. Tarehe 10 Julai jimbo lenyewe likaishusha rasmi. Mwaka 2020 Mississippi nayo ikaitoa kwenye bendera yake.

Je, historia ilifutika? Hapana. Iko vitabuni, iko makumbusho, watu wanaisoma. Kilichoondoka ni kule kupepea juu ya nyumba ya wote, kana kwamba wote wameikubali. Nchi inayotupa hifadhi ilifanya hivyohivyo. Bendera ya zamani ya Rwanda, nyekundu, njano na kijani yenye herufi R, ilibadilishwa mwaka 2001, kwa sababu watu walikuwa wameuawa chini yake. Nani hapa Kigali atakuambia kwamba Rwanda imesahau historia yake? Nenda Gisozi uone.

Afrika Kusini wao walikwenda mahakamani. Mwaka 2019 Jaji Phineas Mojapelo aliamua kwamba kuionyesha bendera ya ubaguzi bila sababu ya maana ni kauli ya chuki. Hakuifuta duniani: kwa ajili ya elimu, sanaa au uandishi wa habari inaruhusiwa. Hapo tunaona njia. Kuonyesha kitu ili watu wajifunze si sawa na kukivaa ili watu wakishangilie.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana hatutaki wale walionyamaza ukumbini wadhani tumekuja kuwashangilia.

Baadhi yenu mliandika kwamba mwenye jezi ni "muuaji", ni "mtoto wa Mobutu". Hilo ni baya kuliko jezi yenyewe. Na tena mlisahau kwamba hata walioumia hawana moyo mmoja. Kuna mzee mmoja, naye ni wa Masisi, naye aliwapoteza watu wake. Kwenye mfuko wa nailoni, chini ya godoro, anatunza kitambulisho chake cha Zaire mpaka leo. Tulimuuliza kwa nini. Akasema: "Hii ndiyo inayosema mimi si mgeni kule. Wakinyang'anya yote, hii ninayo." Nchi iliyomkana ndiyo hiyohiyo anayoishikia ushahidi. Nani kati yetu atamwambia aitupe?

Na ile nyota ya njano kwenye bendera ya Kongo ya leo, mnajua ilitoka wapi? Ilikuwa kwenye bendera ya bluu ya Leopold wa Ubelgiji, ile iliyopepea wakati watu wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira. Mwaka 1960 Wakongomani wenyewe waliibakiza nyota, wakaongeza sita ndogo, wakaifanya ya uhuru. Kwa hiyo alama inaweza kugeuka. Lakini aliyeigeuza ni aliyekuwa amechapwa nayo. Haikugeuzwa na mpita njia aliyesema "mimi naipenda, basi imekuwa nzuri".

Hapo ndipo msimamo wetu ulipo. Nyumbani kwako, kitandani kwako, barabarani ukienda zako, vaa unachotaka. Hatutakuwa polisi wa nguo. Jukwaa la tarehe 20 Juni ni jambo lingine. Pale hauvai kwa jina lako, unavaa kwa jina letu: Wakongomani wa Masisi, wa Uvira, wa Minembwe, na Warundi walioingia tangu 2015, ambao nao hawasikilizani kuhusu bendera ya kwao. Mwingine akiiona analia kwa kuikumbuka nyumba, mwingine anawaona waliomfukuza. Kwenye mlingoti wa wote, alama yenye kidonda haipandi mpaka wenye kidonda wameulizwa. Wakikubali, ipande. Wakikataa, ibaki sandukuni, na hakuna aliyekufa kwa kuvaa jezi nyeupe.

Na nyinyi ndugu wa mashirika, hili ni lenu. Habari ilipowafikia, afisa mmoja alitujibu kwa mstari mmoja: hakuna bendera yoyote, hakuna siasa, chezeni ngoma. Tunaelewa hofu yenu, mna wakubwa wenu na mna sheria zenu. Lakini mlichofanya ni kulifunga jeraha bila kuliosha. Mwenye jezi alikwenda nyumbani akidhani ameonewa. Mama alikwenda nyumbani akidhani hakuna aliyemsikia. Mnatupa semina za amani kila mwezi, soda na karatasi kubwa za ukutani, halafu ugomvi wa kweli ukifika mlangoni mnauzima kama moto wa jikoni. Ule ndio ulikuwa mtihani, ndugu. Mngetupa saa mbili na viti, tungefika mbali kuliko semina kumi.

Saa hizo tulijitafutia wenyewe. Jumapili iliyofuata tulikaa, vijana kumi na wanne, mama wa maandazi na mzee wa kitambulisho. Mwenye jezi alikuja. Mama alieleza ya kaka zake wawili, mara ya kwanza mbele ya watu wasio wa familia. Mwenye jezi hakusema mengi. Aliuliza tu majina yao, na mama akamtajia. Hatutayaandika hapa, ni yao.

Hatukumaliza. Wawili bado wanasema tumemnyima kijana haki yake, na mmoja anasema hata kumruhusu aivae barabarani ni udhaifu wetu. Wote watatu bado ni wenzetu na watacheza ngoma. Kikundi kitavaa nyeupe. Jezi ya kijani iko nyumbani kwa mwenyewe, hakuna aliyeichana.

Jumamosi mazoezi ni saa nane. Mama amesema maandazi yatakuwepo. Njooni na wale mlioapa kwamba hamrudi.