Eti Naringa

Nimesikia kwamba ofisini wananiita Madam Maringo. Eti najisikia, nawadharau wenzangu. Nauliza: maringo yangu ni yapi? Kila asubuhi nasalimia meza kwa meza. Mkubwa nampa shikamoo yake. Mchango wa harusi natoa, msibani nafika. Ugomvi wetu ni masurufu. Mtu kasafiri siku mbili, anarejesha kwa risiti za siku tano, nami mhasibu namrudishia faili lake. Hapo ndipo dharau yangu ilipozaliwa.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inasema kutumia waraka wa kumdanganya mwajiri ni kosa. Sisi tunaita "kuelewana". Anayeelewana ni mtu wa watu. Anayekataa ana roho mbaya. Mwanamume akikataa husemwa ana msimamo. Mimi naringa.

Tusidanganyane. Ucheshi ninaodaiwa hapa ni saini yangu, na wakaguzi wakija ataitwa mwenye saini, hawatawaita waliokuwa wakicheka naye. Salamu zangu chukueni, ni za bure. Saini siitoi.